Mkaguzi wa Makopo

Ta!

Birika la umeme lilizima taa za nyumba nzima, kama lilivyofanya jana na juzi. Lilikuwa birika jipya kutoka ng'ambo, na lilikuwa na kipaji kimoja tu, nacho hakikuwa kuchemsha maji. Alfajiri ilikuwa bado nyeusi ti.

"Hili dubwana ulilitoa wapi?" mke aliuliza gizani.

"Nilipewa," alijibu mumewe. Ilikuwa kweli. Mwenye duka alimpa ili aondoke.

Mtaani mume huyu aliitwa Kalamu Mbili, kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa kalamu mbili, moja ya kuandika na nyingine ya kuisindikiza. Kazi yake ilikuwa kuongea. Wengine hulima, wengine hushona. Yeye aliongea, na watu wakatoa.

Alipapasa redio ndogo ya betri. Mtangazaji alikuwa akisema kwamba serikali imepiga marufuku samaki wa kopo wa lebo nyekundu kutoka nje, kwani makopo hayakuzibwa sawasawa na samaki wanaozea ndani. Wakaguzi watapita duka hadi duka.

Wakaguzi watapita! Kalamu Mbili aliinuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tangazo lilikuwa limebakiza sentensi moja. Akaizima redio ili asimalize betri.

"Mke wangu," alisema, "nimepata kazi."

Mwezi uliopita, baada ya majirani kugundua kwamba vibali vya kufuga paka alivyowauzia havipo katika sheria yoyote, askari aligonga mlango huu. Mke alisema jambo moja, bila kupaza sauti: mtu mwingine wa serikali akija hapa kukutafuta, mimi na mtoto tunahamia kwa mama. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

"Kazi ya kuajiriwa?"

"Mkaguzi wa vyakula."

Umeme uliporudi mke alikuwa ameshashika pasi, ananyoosha koti jeupe ambalo Kalamu Mbili alilinunua kwa kinyozi aliyefunga kazi. Kola aliipitia mara mbili. Katika miaka saba ya ndoa hakuwahi kumpigia mumewe pasi nguo ya kazi, kwa sababu ya msingi kwamba haikuwahi kuwapo.

Binti yao wa miaka sita alikuwa akitazama. "Baba, mkaguzi anafanya nini?"

"Mkaguzi," alisema Kalamu Mbili akifunga vifungo, "akiona kitu kibaya, anakisema kwa sauti. Hata kama wakubwa wote wamenyamaza."

"Hata kama anaogopa?"

"Hapo ndipo hasa."

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe. Ndiyo maradhi ya wasemaji.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mfanyabiashara akitishiwa kuchukuliwa mali, huomba. Akiomba, mkono huingia mfukoni. Mkono ukitoka, mkaguzi hugundua kumbe makopo hayana neno. Alianza na duka kubwa la sokoni, la Mama Jumla, mwanamke wa miwani aliyekaa nyuma ya mizani kama hakimu.

Kalamu Mbili aliweka mezani muhuri wa vile vibali vya paka, akachomoa kipimajoto cha mwanawe, akakilaza juu ya kopo la lebo nyekundu, akasubiri, akakisoma, akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Mama, hali ni mbaya."

"Kinasoma ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Basi halina homa."

"Hili si la mzaha, mama. Sheria inanitaka niyachukue yote. Yote! Labda..." Alishusha sauti na kuangalia dari, mahali waombaji wa rushwa huangalia. "Labda kama tungeelewana kibinadamu."

"Tuelewane nini, mwanangu? Chukua."

"Nimesema yote."

"Nimesikia. Katoni kumi na nne. We baba!" Alimwita msukuma mkokoteni aliyekuwa akisinzia mlangoni. "Mpakilie bwana mkaguzi."

Kalamu Mbili alikohoa. "Tusiende mbio, mama. Mimi nami ni mzazi. Hasara naielewa."

"Hasara kitu gani mbele ya afya ya watu?" Mama Jumla alitoa karatasi na kuilaza mezani. "Andika hapa: nimepokea katoni kumi na nne, kuanzia leo ni mali yangu na dhamana yangu. Tia sahihi. Na kidole. Huo muhuri wako nao usikae bure."

Kalamu Mbili alijaribu kutia sahihi kwa kalamu isiyoandika.

"Jaribu hiyo nyingine," alisema Mama Jumla.

Alitia sahihi. Ulimi uliowahi kumuuzia kipofu miwani ya jua haukuona pa kushika.

"Na mkokoteni analipa nani?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Serikali," alisema Mama Jumla, akamtazama serikali. Serikali ikatoa noti yake ya mwisho.

Njiani serikali ilijaribu kuyauza. Duka la kwanza walicheka, la pili walimwonyesha barabara. Kila mtu, ilionekana, alikuwa na redio yenye betri nzima. Jalalani mlinzi alitaka kibali, na Kalamu Mbili alikuwa amebakiwa na vile vya paka tu.

Basi makopo yakaenda nyumbani. Nafasi ilikuwa moja, kwenye kona ya mtoto nyuma ya pazia. Alikisimamisha kitanda ukutani, akapanga katoni, akatandika godoro juu yake. Mtoto alipanda, akasema amekuwa malkia.

Jioni mke alirudi kutoka darasani anakofundisha, daftari kwapani.

"Hizi nini?"

"Sampuli. Ofisini kumejaa."

"Si hatari kwa mtoto?"

"Zimefungwa, mama."

Mke alilitazama lile koti msumarini, bado lina mstari wa pasi yake mikononi. Akaamini.

Kulikuwa na joto siku hizo. Vifuniko vikaanza kutuna kimoja kimoja. Tup. Kimya. Tup.

"Baba, godoro linapiga chafya."

"Lala, mwanangu."

Asubuhi ya tatu mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vilivyochoka na faili kwapani. Hakuwa na koti jeupe. Wakaguzi wa kweli, kumbe, hawalihitaji.

"Natokea idara ya viwango," alisema. "Namtafuta mwenye sahihi hii. Mwenye duka nilishampa amri kwamba mwenye mali atayateketeza makopo kwa gharama yake, mbele yangu. Hata redioni ilitangazwa, mwishoni kabisa. Leo ananiambia mali imepata mwenyewe mwingine. Msukuma mkokoteni ndiye kanielekeza hapa."

Mke alitoka jikoni, mikono ina povu. Alimtazama mgeni, akamtazama mumewe, akaugeukia msumari wa lile koti, uliokuwa mtupu. Kisha akaanza kujifuta mikono, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Dada yangu, umekosea nyumba," alisema Kalamu Mbili, na sauti yake haikuwahi kuwa tamu hivyo. "Sahihi za namna hii mji huu ni nyingi kama mchanga. Hapa hakuna kopo hata moja. Muulize mke wangu."

Mgeni alimgeukia mke. Mke hakusema uongo, wala hakusema kweli. Macho ya mumewe yalikuwa yakimwomba, na yeye alikuwa bado anaipenda ile kola.

Mgeni alishusha pumzi. "Bila hati siwezi kupekua. Nitarudi keshokutwa."

Keshokutwa! Kwa mtu wa ulimi, keshokutwa ni mwaka mzima. Kalamu Mbili alikuwa ameshaanza kuufunga mlango, kwa heshima zote.

Tup.

"Panya," alisema.

Tup, tup.

"Wana ukoo."

Pazia likafunguka. Binti yao alitokea amevaa lile koti jeupe, likiburura sakafuni, mikono yake imepotelea ndani, na kalamu isiyoandika iko mfukoni. Alimtazama baba, akamtazama mama, akamtazama mgeni. Wakubwa wote walikuwa wamenyamaza. Mdomo ulimtetemeka kidogo. Akakishika kipimajoto vizuri.

"Makopo mabaya yako chini ya godoro langu," alisema kwa sauti.