Kishikio Kisicho na Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Binti ana miezi kumi na minne na siku tisa. Hatua alizopiga bila kushikwa: sifuri. Jana mwanyumba, aliyemwoa dada wa mke wangu, kaja na mwanawe wa miezi kumi na mmoja. Kitoto kinakatiza sebule kama mkaguzi! Mwanyumba akaniuliza, mbele ya mama mkwe, kama wetu tunamlea au tunamfuga. Wakacheka. Nikacheka pia.  Ijumaa kliniki. Je, wakisema miguu ina kasoro?

Jumanne, 4 Machi
Useremala nilianza na msumeno wa kuazima, sikusubiri mtu anishike mkono. Nimezungushia sebule kishikio cha mbao, mita kumi na nne, usawa wa kifua cha mtoto. Msasa mara tatu. Hata mlangoni nimeweka kipande cha kufungua na kufunga. Mke kauliza sofa itakaa wapi. Barazani!

Jumatano, 5 Machi
Kashika, kasimama, kazunguka! Mizunguko ishirini na mitatu kabla ya chakula cha mchana. Nikamwita kutoka katikati. Nikatikisa funguo. Nikalia kama mbuzi. Kanitazama kwa huruma, kaendelea na ukuta wake. Mama mkwe kasema, baba, mwache mtoto. Rahisi kusema. Nimempima miguu kwa futi yangu ya useremala: wa kushoto umepungua milimita nne! Nikarudia: wa kulia umepungua sita. Jasho.

Ijumaa, 7 Machi
Muuguzi kamgeuza, kamsimamisha, kamchekesha. Miguu mizima. Wengi hutembea kabla ya miezi kumi na minane, anasema, kila mtoto na mwendo wake. Nikatoa daftari la vipimo. Akauliza kama mtoto alitulia nikimpima. Alikuwa anarusha mateke. Muuguzi akafunga daftari, taratibu. Nikamweleza kishikio, nikingoja pongezi. Akauliza kinaishia wapi. Hakiishii, kazi yangu haina mapengo! Basi baba, akasema, aachie aende wapi? Mke kacheka njia nzima. Nimekata mita moja. Nilihisi nakata kidole changu.

Jumapili, 9 Machi
Mwanyumba kaja tena na mwanawe. Binti kafika penye pengo. Kasimama. Katazama upande wa pili. Mimi hata kupumua nimeacha. Kaachia. Hatua nne! Nilipiga kelele mpaka mtoto wa mwanyumba akakaa chini. Mwanyumba anadai nililia. Vumbi la mbao lile.

Jumatano, 12 Machi
Anatembea jikoni, barazani, ndani ya kabati. Mwanyumba kapiga simu, eti kutusalimu: wake sasa anasema maneno saba. Saba! Wetu mawili, na moja ni "hapana". Nimemkalisha nimfundishe, kaondoka. Nikamrudisha, kaondoka. Mara kumi na sita! Mtoto asiyetulia ataongea lini? Nimeshanunua mbao. Kiti kizito, meza mbele, mkanda kiunoni. Hapo hatatoka hata hatua moja.