Boti Inayozima Mbele ya Mustapha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku nzuri, ukiondoa kisa kimoja kidogo.

Honi ya basi niliyoagiza imefika. Nimeifunga mwenyewe juu ya paa la Utaratibu, boti pekee yenye injini ya dizeli katika Ziwa Babati. Fundi mwingine angeipa honi waya wake. Mimi nimeiunga kwenye waya ule ule mwembamba unaopeleka umeme kwenye pampu ya dizeli. Waya mmoja, kazi mbili. Hapo ndipo shule inapoonekana.

Niweke maelezo kwa atakayesoma haya baada yangu. Kwenye pampu kuna kidude cha umeme. Kikipata umeme kinafungua njia ya dizeli. Umeme ukipungua, hata kwa kufumba na kufumbua, kinafunga njia na injini inazima. Kidude kizuri. Hakijawahi kunisumbua.

Asubuhi nikatoka na abiria. Tulipofika mbele ya kituo cha Mustapha nikampigia honi. Mustapha ana mitumbwi ya kasia ya kupeleka wageni kuangalia viboko, na ni vizuri akumbushwe kwamba dunia imesonga mbele. Honi ikalia kama basi linaloingia stendi. Injini ikazima.

Tukaelea. Mustapha akauliza kutoka ufukweni kama ndiyo tumefika, au tunasubiri abiria wengine. Abiria wakacheka, na waliocheka zaidi nawajua kwa majina. Nikawasha tena. Ikawaka mara moja, kama haikufanya lolote.

Jioni nikapita Bagara kwa Conjesta, fundi cherehani na mke wangu mtarajiwa. Habari zilikuwa zimeshafika Sigino kwa baba yake, Mzee Zabron. Mzee amesema hatoi binti kwa mtu anayeacha watu wakielea kati ya viboko. Jumamosi atapanda boti mwenyewe, kwenda na kurudi. Injini ikizima yeye akiwa ndani, nisijisumbue kutuma washenga.

Sina wasiwasi. Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Ukaguzi wa umeme. Nimeanza kwenye betri, kama inavyotakiwa. Betri nzima. Vichwa vya betri nimevisugua kwa msasa mpaka vinang'aa. Fyuzi nzima. Waya wa ethi umekaza. Swichi ya ufunguo nimeifungua na kuifunga, ikabaki skrubu moja, nimeihifadhi mfukoni.

Honi sikuikagua. Honi inalia. Kitu kinacholia hakina hitilafu.

Matokeo: boti haina ugonjwa wowote. Kwa hiyo ugonjwa uko nje ya boti. Najivunia hitimisho hili. Wengi wangeishia kwenye fyuzi.

Jumatano, 6 Agosti

Safari ya majaribio, Conjesta akiwa shahidi. Tumezunguka ziwa. Mbele ya matete, injini haikuzima. Kwa wavuvi, haikuzima. Kwenye kundi la viboko nilipita kimya kwa tahadhari, haikuzima. Mbele ya Mustapha nikapiga honi: ikazima. Nikazunguka, nikarudi mbele ya Mustapha, nikapiga honi kwa nguvu zaidi ili asidhani nimeaibika. Ikazima tena.

Mustapha akasema nisihangaike kumsalimia kila mara, salamu ya asubuhi inatosha mpaka jioni.

Conjesta alikuwa akila karanga. Akasema, "Kornel, mbona ukipiga honi ndiyo inazima?"

Nikamweleza kwa upole kwamba sayansi haiendi kwa kukisia. Mimi nilipata C ya fizikia kidato cha nne. Sehemu ni moja, mtu ni mmoja, tatizo ni moja. Chanzo ni Mustapha. Akaniuliza Mustapha anaizimaje injini akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikasema hilo ndilo swali la kesho. Akarudi kwenye karanga zake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata jibu. Nimejificha kwenye matete tangu asubuhi, na mbu wa Babati wanaweza kuthibitisha.

Mustapha ana redio. Redio ina spika. Spika ina sumaku. Sumaku na umeme ni ndugu, kila aliyekaa darasani anajua. Ile sumaku inauvuta umeme wangu ninapopita!

Nikatoka kwenye matete na kumwendea, nikamwomba aniazime redio mpaka Jumapili. Akakataa kwa heshima. Akasema redio hiyo hatengani nayo, hata sokoni anakwenda nayo begani. Kisha akaniondolea ruba shingoni. Sikumshukuru.

Kwa hiyo redio haiwezi kuondoka bila Mustapha. Basi Mustapha ataondoka.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nimemwambia Mustapha kwamba kuna wageni wengi wamelala Singe, kwenye nyumba moja ya wageni, na wanatafuta mtu wa kuwaonyesha viboko. Nikasema awafuate kesho asubuhi na mapema kabla hawajachukuliwa na mwingine. Wageni wenyewe nimewatunga. Hata nyumba sikuitaja jina.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Ndugu yangu, hili sitalisahau."

Karibu nimwonee huruma. Nikajikumbusha habari ya sumaku.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya ushindi. Naiandika kwa utaratibu.

Mzee Zabron alifika na koti lake la kanisani na fimbo, Conjesta nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiitazama injini kama mtu anayenunua ng'ombe. Mustapha alikuwa ameshaondoka kwenda Singe, redio begani.

Tukapita mbele ya kituo chake. Kiti cha plastiki kitupu. Hapakuwa na mtu wa kupigiwa honi, nami sipigii viti. Injini haikuzima! Tukafika ng'ambo ikiunguruma vizuri. Nadharia imethibitishwa.

Mzee akashuka kutazama mahindi ya watu, nami nikafuatana naye kumweleza kuhusu sumaku. Conjesta akabaki botini. Tuliporudi tukamkuta ameinama chini ya usukani. Akasema anatafuta hereni. Masikioni zilikuwepo zote mbili, lakini wanawake wana hereni za akiba. Akainuka na kufunga mkoba wake, kipande cha waya mwekundu kikiwa kimechomoza. Nadhani ni wa kuanikia nguo.

Kurudi, balaa. Katikati ya ziwa tukakutana na Mustapha mwenyewe, na mitumbwi yake yote imejaa wageni! Kumbe Singe kulikuwa na wageni kweli, waliokuja kwa ajili ya Nane Nane. Redio inaimba. Akasimama kwenye mtumbwi akanipungia mkono, akawaambia wageni wote kwamba huyu ndiye Kornel aliyewatafutia wao mwenyeji na yeye wateja. Wakanipigia makofi.

Nisingeweza kupita kimya. Nikabonyeza honi.

Kimya. Nikabonyeza tena, mpaka kidole kikauma. Honi haikutoa hata pumzi. Injini ikaendelea kuunguruma mpaka ufukweni.

Mzee Zabron akashuka, akapangusa koti, akanigeukia. Kisha akasema:

"Kijana, nilisikia boti yako ikipiga kelele inakufa. Leo haikupiga kelele, haikufa. Walete wazee wako Jumamosi."

Conjesta akatazama pembeni, mabega yakimtikisika. Nadhani ni machozi ya furaha. Mimi pia nilipata kitu jichoni.

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nimefanya uchunguzi. Kile kiwaya kinachounga honi na waya wa pampu kimekatwa, kipande hakipo. Mambo yako wazi. Mustapha ameona injini imemshinda, sasa amehamia kwenye honi. Amefanyaje, akiwa Singe? Sijui bado. Nitarudi kwenye matete.

Conjesta amenisihi niiache honi hivyo hivyo mpaka tufunge ndoa, na hata baada ya hapo. Amesema boti ikiwa kimya ina heshima. Nimemwambia asijali. Ana moyo mwema, hataki nijichoshe.

Lakini washenga wangu watavuka ziwa Jumamosi kwenda kuniombea mke, na baba mkwe hajawahi kuisikia honi hata mara moja. Namwonea huruma. Kwa hiyo nimetengeneza kila kitu upya. Nimefunga honi mbili, ile ya basi na nyingine ya lori, zote kwenye waya wa pampu, maana waya huo umeshathibitika kuwa hauna tatizo. Nitazipiga kuanzia katikati ya ziwa mpaka wazee washuke.

Nimezijaribu jioni hii ufukweni, injini ikiwa imezimwa. Zimelia mpaka viboko wakatoa vichwa. Hakuna kilichozima.