Mfanyakazi wa Nane

Jumatatu, 12 Machi 1984

Mashine tatu za vifungo. Wafanyakazi saba. Umri wangu miaka ishirini na moja, shule niliiacha darasa la tano, na leo mnunuzi wa kaskazini kaniagiza magunia kumi ya vifungo vya makoti. Hapa kijijini Tangwei nani mwingine? Jirani yangu Shuigen? Ana mashine moja, inakohoa kama yeye.

Shida moja tu. Kazi inataka mtu wa nane, na serikali inasema mwisho saba. Ukiajiri saba, wewe fundi mwenye wasaidizi. Ukiajiri wanane, wewe bepari, mnyonyaji, na mashine zinafungwa. Nimemuuliza mwalimu wangu wa zamani kwa nini saba. Kasema hesabu ilipigwa na yule mzee wa ndevu ambaye picha yake iko ukutani shuleni. Nimekaa nikawaza. Mtu wa Ulaya, kafa miaka mia iliyopita, hajawahi kupita kwetu hata kuomba maji, na bado alijua kwamba kumwajiri shangazi Lanxiang kungekuwa dhambi. Akili ya namna hiyo inatisha.

Bibi kaniuliza tena mbao zake ziko wapi. Ni mbao za mkafuri, alijiwekea za jeneza lake, kila mwaka akizipaka mafuta. Niliziuza nikanunua mashine. Nimemwambia kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi zitakuwa zimerudi, nene kuliko za kwanza. Kasema atajizuia kufa mpaka siku hiyo, ila nisimcheleweshe.

Jumatano, 14 Machi

Shangazi Lanxiang kaanza kazi. Mpango wangu: wako wanane, lakini wakati wote mmoja yuko chooni, kwa zamu. Ndani ni saba daima. Hata mzee wa ndevu asingelifikiria hilo.

Shuigen kapita dirishani mara nne akihesabu vichwa kwa midomo. Nimemwambia aache kuhesabu vya wenzake, vyake havijatimia hata viwili. Kanijibu kwamba bata akinenepa hujitangaza mwenyewe.

Ijumaa, 16 Machi

Ofisa wa biashara wa wilaya kaja bila taarifa. Nani kamwita sijui, lakini Shuigen alikuwa kavaa shati safi siku ya kazi.

Ofisa kahesabu: saba. Kahesabu tena: saba. Kaandika. Mtu wa kawaida angenyamaza. Mimi nikamkaribisha chai. Ikamnogea. Kakaa saa moja na nusu, na muda wote huo zamu ya chooni ilikuwa ya Shangazi, kule kando ya zizi la nguruwe, na hakuna aliyethubutu kutoka kumpokea.

Mwishowe chai ikamfanyia kazi Ofisa. Kaenda kugonga mlango wa choo. Shangazi, mwanamke wa adabu, akajibu kutoka ndani: "Samahani ndugu, zamu yangu haijaisha."

Nimepewa siku tatu. Nimwondoe mmoja na niandike barua ya kujikosoa, ama mashine zichukuliwe. Ofisa hakupandisha sauti hata mara moja. Alizipaka gundi karatasi zake za kufungia mashine taratibu, kama anayembandika mtoto plasta. Mashine iliyonguruma tangu asubuhi sasa imenyamazishwa na karatasi ya upana wa vidole viwili, na sisi tisa wazima tumesimama mbali nayo. Bibi kapita, kaitazama ile karatasi, kainamisha kichwa kama mbele ya madhabahu.

Jumamosi, 17 Machi

Nimempelekea Katibu Jin, mkuu wa Chama cha Kikomunisti hapa kijijini, mtungi wa pombe ya mchele pamoja na shida yangu. Kacheka. Kasema mimi kijana mwerevu kuanzia magotini kushuka chini. Mtu binafsi hawezi kuwa na wa nane, lakini kijiji kinaweza kuwa na wa mia nane. Basi kiwanda kiandikwe cha kijiji, kwa jina tu, nami niendelee kama kawaida. Watu wanaita kuvaa kofia nyekundu.

Kafungua kabati. Kafungua sanduku. Kafungua kitambaa. Muhuri. Kaupulizia pumzi, kaubonyeza kwenye karatasi, nami nikatia sahihi, basi. Niliingia mlango ule mnyonyaji, nikatoka mjamaa. Watu wale wale, mashine zile zile, hata nguruwe yule yule. Uganga wa hivi sijawahi kuuona.

Jumatatu, 19 Machi

Ofisa kaja kubandua karatasi zake kwa mkono wake mwenyewe, tena kanipongeza. Nimeajiri kumi na wanne zaidi kabla ya chakula cha mchana.

Nimepita mlangoni kwa Shuigen polepole, mara tatu. Nimemwambia akitaka kazi alete barua ya maombi. Kasema, "Vaa, bwana mdogo, vaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Nimemjibu hii si nguo, ni kofia.

Alhamisi, 22 Machi

Mkutano wa kijiji, na wageni wa mkoa mbele. Katibu Jin kasema "kiwanda chetu" mara kumi na moja, na kila mara nilivimba kifua. Kisha kasema kiwanda cha umma kinataka meneja mwanachama wa Chama, mwenye elimu. Kampendekeza Shuigen. Wanaokubali wainue mikono.

Nilitazama. Ukumbi mzima mikono, kama mianzi baada ya mvua, hakuna uliotangulia, hakuna uliochelewa. Kitu kizuri kama hicho sijakiona maishani. Nilipozinduka, wangu nao ulikuwa juu.

Kwa kauli moja, kasema Katibu. Bibi alikuwa kaikalia mikono yake yote miwili, lakini mhesabuji alitazama juu tu.

Jumapili, 25 Machi

Mimi sasa ni mfanyakazi wa ishirini na tatu. Meneja Shuigen kaniweka kuchambua vifungo kando ya Shangazi Lanxiang, ambaye kaniambia niende chooni nitakapo, hapa hakuna anayehesabu.

Nilimwendea Katibu kudai mashine. Kwa upole kanionyesha ile karatasi ya muhuri yenye sahihi yangu, kasema mwandiko mzuri. Bibi naye kasema basi hafi tena, hana pa kulala.

Lakini nimewaza siku tatu, na kosa nimeliona. Muhuri ulikuwa mdogo. Wa kijiji tu ule. Wa tarafa nimeuchungulia: upana wa kisahani cha chai, na nyota katikati. Binamu yangu ana mashine mbili za zipu na anatafuta mshirika. Bangili ya fedha ya Bibi iko mfukoni mwangu, bado hajaiulizia. Kesho nataka niwe wa kwanza mlangoni kwa Katibu wa tarafa.