Ulimi Mwembamba wa Fila ya Sikio

Habari ya asubuhi hiyo ilitoka kwenye simu ya Kinyozi, mtu anayesoma kwa sauti hata ujumbe usiomhusu.

“Sikilizeni! Wakaguzi watapita gereji zote za pikipiki. Fundi asiye na fila atafungiwa. Sikio, umekwisha!”

Kwenye benchi la mbele ya gereji, ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha gari, watu walicheka mpaka kahawa ya Shangazi ikamwagika. Fundi Sikio hakucheka. Jina hilo alilipata kwa kuseti valvu kwa kusikiliza tu: anainamisha kichwa, anafumba macho kama anayeombewa, kisha anasema, “Tayari.”

“Fila ya nini? Vibamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu ni vya watu wasiosikia. Mimi Mungu kanipa kipimo changu, tena viwili.”

Hapo ndipo Bwana Harusi, kama kijiwe kilivyozoea kumwita, alipotokea, anasukuma pikipiki, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi.

“Sikio! Si uliniambia imepona?”

“Imepona. Hukusikia ilivyonyamaza?”

“Imenyamaza moja kwa moja! Ikipata moto tu inazimika kilimani.”

Kijiwe kizima kilijua juu ya kilima kile kuna nini. Kuna mama mkwe, na kwa mama mkwe kuna mke, aliyerudi kwao baada ya kuisukuma pikipiki hiyo hiyo akiwa na gauni la sherehe, mawifi wanamtazama. Mama mkwe alikuwa ametuma neno: aje leo kabla jua halijazama, na chombo kinachopanda, la sivyo asijisumbue tena. Bwana Harusi hakuwa amelala. Nyumba bila yule mwanamke ilikuwa imemshinda, wala hakuona haya kusema.

“Jamani, namtaka mke wangu.”

“Si upande kwa miguu,” Kinyozi akasema. “Mapenzi hayana gia.”

“Nyamaza wewe! Mama mkwe kasema chombo!”

Sikio alijikuna kisogo. “Valvu nimezibana mno. Chuma kikipata moto kinatanuka, valvu haifungi, nguvu inavuja. Nilipenda ule utulivu.”

“Kimya kingi kina mshindo mkuu,” Shangazi akasema, akipangusa vikombe. “Toa fila upime.”

Sikio akafukua sanduku, akatoa fila yake kwenye kitambaa. Akaifungua, ndimi zake za chuma zikatandazika. Zote nene.

“Nyembamba ziko wapi?”

Kila mtu akatazama kikombe chake.

“Nawauliza nyinyi! Mnadhani nilizaliwa naseti kwa sikio? Nyinyi ndio mlionifanya fundi wa masikio!”

Kinyozi akakohoa. “Mmoja nilichukua mimi. Unatoa nywele kwenye mashine vizuri, wee acha tu.”

“Na mimi mmoja,” Shangazi akakiri. “Wa kukwangulia birika. Lakini ulipinda, nikautupa. Na wewe Sikio tulikuona unachokonolea meno!”

“Huo ulikuwa unene namba kumi! Haukuhusika!”

“Tumia huo mnene basi, chuma si chuma?” Bwana Harusi akasihi.

“Huu ni wa magari. Nikiupitisha huu, nimeacha mlango wazi, pikipiki itagonga kama mashine ya kusaga. Kinyozi, ulimi wangu!”

Kinyozi akatimka, akarudi na ulimi umejaa nywele, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Sikio akaufuta, akautazama kwenye mwanga: haujapinda, namba haijafutika.

“Tano. Ndio wenyewe.”

“Pima basi!”

“Injini ya moto haipimwi. Kaa unywe kahawa.”

Bwana Harusi hakukaa. Alichukua kipande cha boksi, akaipepea injini kama mgonjwa wa homa, huku Kinyozi akimshauri aiimbie. Ilipopoa, Sikio aliizungusha taratibu mpaka pistoni ikafika juu na valvu zikafunga. Akapenyeza ulimi. Ukagoma. Akalegeza nati, akageuza skrubu kidogo, akaupenyeza tena, akauvuta: ukatoka kwa kukwaruza, kama kitambaa mkononi mwa mtoto asiyetaka kukiachia. Akakaza nati, akapima upya, maana nati ina tabia ya kuharibu ulichotengeneza.

Pikipiki ikawaka. Tik-tik-tik-tik.

“Inanung'unika,” Sikio akasema kwa uchungu. “Kazi yangu, inanung'unika.”

Bwana Harusi alikuwa ameshaondoka.

Jua lilikuwa bado lipo walipomsikia kabla ya kumwona. Tik-tik-tik. Nyuma yake amekaa mke, mfuko mapajani, uso bado haujaamua kucheka.

“Shemeji Sikio, mbona chombo hiki kina domo?”

“Ndio uzima wake, shemeji. Valvu ikisema kidogo, iko salama. Ikinyamaza, inaungua ndani kwa ndani.”

Mke akamgonga mumewe begani. “Umesikia? Mimi kabla sijaondoka nilinyamaza wiki nzima. Nawe ukaja hapa kujisifu kwamba nyumba imetulia.”

“Ongea, mke wangu,” Bwana Harusi akasema. “Ongea njia nzima.”

Wakaondoka, domo la chombo na la mke yakisikika mpaka kona ya mwisho.

Sikio akaweka kikombe chini polepole.

“Jamani. Mke wangu tangu juzi hajanigombeza.”

“Hongera!” Kinyozi akasema.

Lakini Sikio alikuwa ameshavua ovaroli, mbio kuelekea nyumbani, na Kinyozi akabaki amesimama juu ya benchi anapiga kelele, “Sikio! Fila umeisahau!”