Ombi la Binti Yangu Kutozwa VAT

Igoma, Mwanza
Jumatano

Ndugu Meneja wa Ofisi ya Kodi,

YAH: PRUDENCIA KUNYIMWA KODI YA ONGEZEKO LA THAMANI

Pole na kazi, baba. Mimi ni Immaculata, lakini ukifika Igoma uliza Mama Prudencia, hata mtoto atakuleta. Elimu yangu ni darasa la saba, na cheti kipo ukutani. Prudencia ni binti yangu mwenye duka la keki hapa barabarani. Keki zake zinaliwa bila chai. Sisemi hivyo kwa sababu ni mama yake, nasema kwa sababu nimezila.

Wiki jana, yeye akiwa jikoni, nilichukua karatasi zake za biashara nikaja ofisini kwako kuomba asajiliwe VAT. Nikakataliwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Afisa wako Jonathan, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo, akanipa kiti, kisha akanitukana. Alisema, "Mama, biashara ya binti yako bado ndogo. VAT ni kuanzia mauzo ya milioni mia mbili kwa mwaka, yeye ana thelathini na nane. Mshukuru Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu namshukuru kila asubuhi, leo nimekuja kwako. Akacheka. Tangu nimzae Prudencia hakuna mtu aliyewahi kumwita mdogo. Alizaliwa na kilo nne na nusu.

2. Prudencia anatoa risiti ya mashine hata kwa keki ya elfu mbili. Sasa kwenye kila risiti pana mahali pa namba ya VAT, na hapo mashine inaandika kwamba hajasajiliwa. Yaani mwanangu anatangaza aibu yake mara arobaini kwa siku, tena kwa karatasi anayoinunua mwenyewe.

Aibu hiyo imefika kanisani. Shemasi wetu Ponsian anapata upadre mwezi ujao, na kamati inatafuta wa kuoka keki ya sherehe: ngazi saba, umbo la kanisa, minara miwili. Prudencia ameomba kazi hiyo. Akiipata atanunua oveni kubwa, maana hii aliyonayo mlango wake unafungwa kwa kamba. Lakini kwenye jumuiya, mweka hazina wa kamati, Wilhelmina, mwenye duka la saruji Nyakato, aliinua risiti ya mwanangu mbele ya watu akasema, "Mama Prudencia, mwenzangu, saruji ina namba, keki haina. Tukimleta Askofu tumwambie nini?" Watu wakacheka, na waliocheka zaidi ni wale ninaowapelekea keki. Kamati inakaa Jumapili.

3. Hesabu za Jonathan hazikukamilika. Nimezirudia kwenye daftari, polepole.

Kwanza, kuna keki tisini na sita zilizotoka dukani ndani ya miezi kumi na miwili bila kupita kwenye mashine. Ushahidi ninao, nilizibeba kwa mikono yangu. Kwa elfu themanini kila moja, ni milioni saba na laki sita na elfu themanini.

Pili, Prudencia ameoka keki za sherehe kubwa kumi. Kila sherehe, wageni mia mbili walionja wakasema nao wataagiza. Mimi nimehesabu mia na hamsini tu kwa kila sherehe, sipendi kutia chumvi. Kwa bei ileile, hiyo ni milioni mia na ishirini.

Tatu, kodi yenyewe ni ya ongezeko la thamani. Kabla ya Prudencia, fremu za maduka hapa kwetu zilipangishwa elfu themanini kwa mwezi, leo ni laki moja na ishirini. Thamani aliyoiongezea Igoma naikadiria milioni thelathini na tano. Ukijumlisha na zile thelathini na nane unapata milioni mia mbili na laki sita na elfu themanini. Amevuka.

4. Gari lenu likionekana Igoma, maduka yanafungwa, hata la dawa. Mimi nililikimbilia hadi njia ya Buswelu nikipunga kanga. Dereva akaongeza mwendo.

Kwa hiyo naomba Prudencia asajiliwe kabla ya Jumapili. Kama sheria inakataa, apewe namba bila kodi. Kama hiyo nayo haiwezekani, atozwe kodi bila namba. Ikishindikana kabisa, njooni mfunge duka lake kwa siku moja tu, mbandike na karatasi yenu mlangoni. Duka la Wilhelmina lilifungwa hivyo mwaka juzi, na tangu hapo watu wanasimama kwa heshima akipita.

Msalimie sana Jonathan, sina kinyongo naye. Msalimie mlinzi wa getini, na yule dada wa kugawa namba za foleni, nywele zilimpendeza. Dereva pia, nimemsamehe.

Ni mimi, mama wa mlipa VAT mtarajiwa,

Immaculata (Mama Prudencia)

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, Prudencia ameingia. Ameisoma barua akiwa amesimama, alipofika namba tatu akakaa. Alitaka niichane. Nimekataa, mwandiko umekaa vizuri, ila ameniagiza niongeze haya.

Kamati haikungoja Jumapili, ilikaa jana, na kazi amepewa yeye. Alikuwa ananificha hadi oveni ifike. Bei yake ililingana na ya mwokaji mmoja wa mjini mwenye namba, lakini yule ilibidi aongeze asilimia kumi na nane ya VAT juu yake. Aliyesimama kumtetea asiye na namba ni Wilhelmina. Kwa hiyo naomba sana asisajiliwe.

Kuhusu zile keki tisini na sita, amenifungulia daftari lake kwenye ukurasa ulioandikwa "Mama". Zote zipo, kwa tarehe, na jina la kila niliyempelekea. Mahali pa bei hakuna kitu. Kwa hiyo si mauzo, na Jonathan hakukosea.

Barua hii nitaileta mwenyewe Ijumaa, na siwezi kuja mikono mitupu. Ya tisini na saba iko kwenye boksi. Prudencia ameshika kalamu ananiuliza imekwenda kwa nani. Nimemwambia aandike Meneja.