Mlango Uliouliza Habari za Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi. Kitengela.

Simu kutoka chuo kipya cha uuguzi. Wanatafuta jengo zima la wanafunzi wao kulala. Lakini kwanza lipimwe na mtaalamu: je, liko tayari kwa mitambo ya kisasa, taa za kujiwasha, milango ya kujifungua, mita za kusomwa kwa simu? Tumebaki wawili, mimi na Mugure wa ng'ambo ya barabara. Mugure alifunga sola mwaka jana, na tangu hapo anatembea kama aliyelileta jua mwenyewe.

Mke wangu Mumbi ameongea kwa upole, na upole wake ndio huniogopesha. Amesema jengo limekaa tupu mikononi mwangu vya kutosha. Nikikosa hiki chuo nimkabidhi funguo zote, niende Kiserian nikamlishie kuku. Kuku! Mimi Gakuru, landilodi mzima.

Sitaki kuku. Niko na mpango.

Jumanne, 4 Machi.

Nimetoka Ngong na kamera nne. Ndani hazina kitu, ni makasha tu, lakini kila moja iko na kataa kekundu kanakopepesa. Nani atajua?

Kisha paipu. Kila chumba kina midomo ya paipu tupu imechungulia ukutani tangu tujenge. Fundi aliyeziweka alisema siku moja nitamshukuru. Bado sijamshukuru. Zinafanya nyumba ionekane haijaisha. Nimempa fundi Mburu simiti, nikamwambia azizibe zote mpaka ndani kabisa, kisha apake rangi. Akasema sawa mkubwa. Jioni kuta zilikuwa safi kama sahani ya wageni.

Mumbi aliuliza hizo paipu zilikuwa za kazi gani. Nikamwambia aniachie mambo ya ujenzi. Akarudi kwa sufuria yake.

Alhamisi, 6 Machi.

Leo ni mlango unaoongea. Soja wangu wa getini, Lemayian, ana sauti nzito ya kutangaza habari. Atajificha kwenye stoo kando ya mlango mkubwa, achungulie kwa tundu, aseme "Karibu mgeni", halafu avute kamba mlango ufunguke. Maneno mawili. Nimemwonya asiongeze hata moja.

Tumefanya mazoezi, mimi nikiwa mgeni, mpaka jua likawa kali. Mugure akapita, akataka kujua kwa nini nasimama nje nikiushukuru mlango wangu mwenyewe. Wivu, hakuna kingine.

Ijumaa, 7 Machi.

Acha niandike yote.

Mpimaji ni Madam Elizabeth, mama mtu mzima kutoka Kajiado, shanga shingoni na begi la vyombo. Alipofika mlangoni, mlango ukasema "Karibu mgeni" na ukafunguka. Akatabasamu. Nikajua nimeshinda.

Halafu mlango ukasalimu kwa Kimaasai, "Takwenya."

Naye, kama mama yeyote wa huko kwao, akaitikia, "Iko."

Lemayian alikuwa amemwona kwa tundu. Ni shangazi ya mkewe! Na mtu na adabu zake hawezi kumwambia shangazi maneno mawili halafu anyamaze. Basi mlango ukauliza habari za watoto. Ukauliza habari za ng'ombe. Ukauliza kama Bissil kumenyesha. Madam akajibu yote, pole pole, huku akiifuata sauti. Mlango ulipofika kwa mtamba mmoja aliyevunjika mguu, Madam alikuwa ameshafungua stoo. Lemayian akatoka na kamba yake mkononi, akainamisha kichwa, Madam akamgusa utosini. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Akapanda kiti, akagonga kamera moja kwa kidole. Ikalia kama debe tupu. Akashuka.

Kisha akanieleza kwamba hakuja kuhesabu mitambo, ya kweli wala ya uongo. Amekuja kuona kama nyumba iko tayari kuipokea. Yaani, je, nyaya zitapita bila kubomoa kuta? Akauliza ziko wapi paipu tupu.

Zile paipu! Nikawasikia kuku wa Kiserian wakiniita kwa jina.

Aliliona doa la rangi mpya, akalikwangua kwa ufunguo. Nikafumba macho. Niliposikia akicheka, nikafumbua. Ameshika gunzi la mahindi, kavu, kama lile la kuzibia mtungi. Akavuta lingine chumba cha pili. Gunzi. Nyumba nzima ni magunzi, na nyuma yake paipu safi, hakuna vumbi, hakuna nyigu. Akasema hajawahi kuona mtu akizitunza paipu namna hii. Wazo la nani? Mburu, aliyesimama nyuma yangu, akaangalia viatu vyake. Nikasema langu.

Madam alipoondoka, Mburu akakiri. Simiti yangu iko Tuala, amesakafia zizi la mbuzi wake. Nimemkumbatia huyo mwizi. Asante Mungu kwa mbuzi wa Mburu.

Jumapili, 9 Machi.

Nimemshinda Mugure! Kuta zake hazina hata paipu moja. Kanisani amenisalimia kwa kidevu.

Mumbi ameniachia funguo. Amesema kuna watu Mungu huwalinda mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine angeweza. Nimeketi kwenye ngazi nikashusha pumzi niliyoibeba wiki nzima. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikunywa chai tamu hivi.

Limebaki dogo tu. Kabla chuo kiingie, wiki ijayo anakuja mkaguzi wa hewa, kuona kama vyumba vinapumua vizuri. Nimezunguka jengo lote. Aibu tupu! Juu ya kila dirisha kuna matundu, yanaingiza vumbi na shomoro.

Nimeshanunua simiti. Na safari hii nitamsimamia Mburu mimi mwenyewe, mpaka yote iingie ukutani.