Jogoo Aliyeshika Sabato Uriri

Ilikuwa Ijumaa, tarehe nane Agosti, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, simu ilipolia nyumbani kwa Simeon Okari pale Uriri. Na tangu dakika hiyo mambo yote yakaenda mrama.

Sogeeni basi, enyi mlioketi mbali. Zimeni redio, watulizeni watoto, na mwenye sufuria motoni aiepue, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Mmekwisha simuliwa vita vya wafalme. Mmekwisha simuliwa kampeni za wakubwa, ambazo ni vita vya watu wanaogombea ufunguo wa ghala. Leo sikieni vita vya mtu mmoja na kuku mmoja, na mkimaliza mniambie ni nani katika hao wakubwa angevipigana hata nusu saa.

Okari huyo ndiye Okari mwana wa Nyabuto, mkunja mabati, bwana wa nyundo mbili, aliyeishia darasa la nne kwa kuwa serikali ilileta shule ikasahau kuleta mwalimu. Majiko ya makaa aliyoyaunda hayana idadi. Kutoka Ogwedhi mpaka Ntimaru hapana mama aliyechemsha maharagwe pasipo kumshukuru Okari, ama kumlaani, kulingana na bati la mwaka ule. Walakini mikono hiyo iliyozaa majiko yote hayo haikuwahi kuivisha hata yai. Kwa miaka thelathini na mmoja mpishi alikuwa Bathsheba mkewe, naye Bathsheba amelala mwaka wa pili sasa nyuma ya jikoni, chini ya mparachichi, kwa sababu, asema Okari, hospitali ilikuwa na jengo jipya na utepe uliokatwa na mkubwa, na ndani ya jengo hapakuwa na dawa. Tangu siku hiyo mgane huyu alikuwa akiishi kwa chai, mkate na hasira.

Aliyepiga simu ni bintiye Beverlyne, mwalimu wa chekechea huko Homa Bay.

"Tata," akasema, maana ndivyo Wakisii wamwitavyo baba, "nimeskia unakula mkate asubuhi, mkate mchana, na jioni unamalizia ile ya mchana."

"Ni nani huyo mpelelezi?"

"Mama mkubwa Mong'ina. Tumeongea. Kesho baada ya kanisa tunakuja kula kwako. Tukipata chakula ya mtu mzima mezani, utabaki. Tukipata mkate, nakuja na begi, unapanda gari tunaenda kukaa na mimi."

"Na mama yako nimwache na nani?"

"Tata, usianze."

"Taja chakula chenyewe, nisije nikahukumiwa kwa sheria nisiyoisoma."

"Kuku ya Mama. Ile nyekundu."

Okari akakaa chini. Kuku yule mwekundu ni yule wa Kihindi, wa viungo saba na maziwa lala, ambaye marehemu alifunzwa kumpika na jirani yake Kultum, mwenye duka la viungo pale stendi. Ilikuwa sawa na kumwambia mtu avuke ziwa kwa beseni.

Ndipo shujaa akasimama, akainua nyundo yake kubwa, akanena mbele ya mabati yote: "Sikieni, enyi mabati! Wakubwa wamenichukulia barabara, wamenichukulia dawa, wamenipandishia bei ya misumari. Lakini boma hili lenye kaburi la Bathsheba hawatalichukua, wala wao, wala Mong'ina! Kesho patakuwa na kuku." Na bati moja likaanguka, akalihesabu kuwa ni makofi.

Akashuka sokoni. Kuku wadogo walikuwa wamekwisha, akakuta jogoo mmoja tu, aliyeletwa na mchuuzi kutoka mnada wa Ogwedhi. Na jogoo huyo alikuwa amekula chumvi nyingi. Makucha yake yalikuwa yamejikunja kama misumari iliyong'olewa kwenye mbao, shingo imepauka, na jicho moja linamtazama mtu kama karani anayekwenda chakula cha mchana. Okari alipomshika miguu, jogoo akampiga mbawa mbili za uso, akakata kamba, akapita chini ya meza za mitumba, akapanda gunia la dagaa, akasimama juu yake akiwika. Vita hivyo vilidumu dakika kumi na saba. Mkunja mabati alianguka mara nne, akainuka mara nne, na mara ya tano akamwangukia adui mwenyewe.

Akampeleka kwa Suleman, mumewe Kultum, amchinje kwa bismillahi, ili na wao majirani wapate kuonja bila wasiwasi, kama Bathsheba alivyozoea kufanya. Kultum akamnyonyoa, akamgusa paja kwa kidole, kidole kikarudi.

"Shemeji, kuku huyu ni wa lini?"

"Wa leo."

"Siulizi umemnunua lini. Nauliza kazaliwa chini ya rais gani."

"Kultum, dada jirani, usinivunje mgongo nikiwa vitani. Nipe silaha."

Akampa. Ndimu na chumvi kwanza, akasema, baada ya kumchanja mapaja na kifua mpaka mfupani. Kisha maziwa lala mazito, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili nyekundu, manjano, bizari na garam masala, umsugue kila mahali kama unavyomwogesha mtoto mtundu. "Kisha unamwacha alale."

"Alale mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kesho. Huyu wako, hata kesho jioni si vibaya."

Okari akapauka kuliko shingo ya jogoo. "Kesho ni Sabato!"

Na hapa ndipo penye kiini cha msiba, nanyi mkitie moyoni. Kwa watu wa kanisa la Okari, jua likitua Ijumaa hakuna kuwasha moto wa kupika mpaka litue tena Jumamosi. Cha Sabato hupikwa Ijumaa. Kuku akilala hataiva, asipolala hataliwa.

"Basi ataokwa leo, na alale akiwa amekwisha iva," akasema Okari.

"Huyo?" Kultum akacheka mpaka akashika meza. "Haya. Mkate mtamu uko pale dukani kwa Mubarak, usisahau."

Basi akamkata vipande, akampaka viungo mara moja, paja kwa paja, bawa kwa bawa, na firigisi nayo akaitia kwa heshima. Maana firigisi ni haki ya mwenye boma, na kwa miaka thelathini na mmoja Okari aliikata vipande viwili chini ya meza, kimoja chake, kimoja cha Bathsheba, na mila haikuona. Kisha akaliendea pipa. Pipa hilo lililetwa na wakubwa zamani kwa mradi wa maji, nao wakapigwa picha wakalishika, na maji hayakuja hata tone. "Leo," akanena, "utakula moto, kwa kuwa maji walikunyima." Akalikata mlango kwa patasi, akatoboa matundu ya hewa chini, akapitisha spoki za baiskeli alizozichemsha, za kuning'inizia nyama. Kufikia saa tisa tanuri lilikuwa tayari.

Lakini mlango ulilala upande kwa upana wa ukucha.

Mtu mwingine angewasha moto. Okari ni fundi. Akasema nainyoosha bawaba hii mara moja tu, akaing'oa, akaigonga, akairudisha, ikalala upande wa pili. Akaing'oa tena. Viungo vikangoja, makaa yakangoja, jua peke yake ndilo halikungoja. Alipoufunga mlango ukafungika kimya kama wa benki, akafurahi, akachukua kiberiti, akakichomoa kijiti, na nyuma yake sauti ikasema:

"Shemeji, hiyo ni nini mkononi?"

Alikuwa Mong'ina, dada mkubwa wa marehemu, ngome ya kanisa, mama asiyecheleweshwa na mvua, amekuja na kitabu chake cha nyimbo kufungua Sabato.

"Kiberiti."

"Na kule?"

"Kule ni mlima."

"Jua lilikuwa juu ya huo mlima. Liko wapi?"

Okari akatazama. Hapakuwa na kitu. "Waulize wakubwa!" akalia. "Siku hizi hata jua linatua kwa maagizo kutoka juu!"

"Rudisha kiberiti mfukoni, shemeji, tuimbe."

Wakaimba. Na jogoo wa Ogwedhi, mpiga watu mbawa, akafunikwa ndani ya sufuria yake ya maziwa lala, sufuria ikawekwa katika beseni la maji ya kisima, mfuniko ukafungwa kwa waya ili paka asisogee. Akashika Sabato kwa utulivu kuliko waumini wengi ninaowajua.

Jumamosi mchana wakatoka kanisani, Beverlyne akiwa na begi kubwa, tupu, lenye magurudumu. Mezani palikuwa na mkate, ndizi, na parachichi za ule mti. Mong'ina akautazama mkate kama hakimu anavyotazama kisu chenye damu.

"Beverlyne, fungua begi."

Ndipo Okari akaenda mpaka mlangoni, akasimama katikati, akanyoosha mikono akaziba njia.

"Enyi wanawake wa nyumba ya Bathsheba! Wakubwa wanaoiba wanaahirishiwa kesi miaka tisa, wakili akiumwa na jino kesi inalala. Mimi sijaiba. Kuku ninaye, viungo ninavyo, tanuri ninalo, jua ndilo lililonisaliti. Nawaomba muda wa saa tano tu. Likitua, nitawasha. Nikishindwa, nitajikunja mwenyewe ndani ya hilo begi, mfunge zipu."

"Tata, wacha speech," akasema Beverlyne, ila begi hakulifungua. Alikuwa akitazama dirishani, kwenye mparachichi.

Mong'ina akatafuna ndizi taratibu, kwa meno yake matano. "Kama huyo kuku atanitoa hata jino moja," akasema, "utaenda Homa Bay kwa miguu."

Jioni wakafunga Sabato kwa wimbo na ombi, na "Amina" haijamaliza kutoka, Okari alikuwa amekwisha washa. Lo! Mngaliona. Makaa yakaamka yakawa mekundu kama macho ya askari kanjo, na shujaa akazining'iniza nyama kwa spoki, moja moja, na firigisi pembeni kwa spoki yake peke yake, kama jemadari. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka juu kutaka kumla jogoo, Okari akaupiga kwa mfuniko, moto ukampiga nyusi. Moshi ukafunga boma lote.

"Tata, unaungua!"

"Waacheni waungue wanaoogopa! Nipakie samli, mwanangu, upande wa kushoto!"

Na Beverlyne, aliyekuja na begi, akajikuta ameshika brashi anapaka samli. Harufu ikatoka. Ikapita ua, ikafika stendi, ikamvuta Kultum na sahani ya chapati kichwani, akisema amekuja kutoa pole mapema.

Nyama ikatolewa, nyekundu, nyeusi pembeni, ikapangwa kwenye sinia kubwa, na juu ya mlima ule Okari akaiweka firigisi kwa mkono wake, watu wote wanne wakiiona. Mlango ukafungwa, paka akabaki nje akilia. Mong'ina akasema, "Tuombe."

Akaomba. Akawaombea wagonjwa, wasafiri, mvua, watoto wa chekechea za Homa Bay, hata na wakubwa, mahali ambapo Okari aliguna. Akamwombea marehemu dada yake aliyelala, na hapo akanyamaza muda mrefu. Kisha akaendelea. Amina.

Mkono wa Mong'ina ukaenda kwenye paja. Hapana aliyesogea, wote walikuwa wakimtazama mdomo. Akauma. Na nyama ya jogoo yule mkongwe, aliyelala katika maziwa lala jua hata jua kwa sababu ya bawaba iliyopinda, ikaachia mfupa kama shati linavyoachia msumari. Mong'ina akatafuna. Akafumba macho. Akatafuna tena, mashavu yakalowa, akasema ni pilipili.

"Beverlyne," akasema, "hilo begi lako litafaa kubebea parachichi. Huyu mzee abaki."

Basi iandikwe mahali pasipofutika, na wanaochonga sanamu za wakubwa wachonge na hii: kwamba siku ya tisa ya Agosti, Uriri, mkunja mabati wa darasa la nne alimlainisha jogoo wa Ogwedhi bila tenda, bila kamati na bila mgeni wa heshima, akaliokoa boma lake. Kultum akapiga vigelegele. Beverlyne akamshika babake bega. Na Okari, kwa machozi ya moshi, akanyoosha mkono na kisu juu ya sinia, akate vipande viwili kama zamani.

Firigisi haikuwapo.

Wakainua paja, wakainua shingo, wakatikisa chapati. Haikuwapo. Na tangu Amina hapana mkono uliogusa sinia ila wa Mong'ina, nao ulikwenda kwenye paja, wote waliuona. Kwa hiyo ilitoweka katika ombi. Kultum akaapa kwamba naye alifumba macho kwa heshima ya jirani. Beverlyne akafungua kinywa kikakaguliwa. Mong'ina akauliza tangu lini mtu huweza kuomba na kutafuna kwa pamoja, akajibiwa kwamba alinyamaza muda mrefu, akachukua kitabu chake cha nyimbo akaanza kujipepea. Okari alitaka kuwalaumu wakubwa kama kawaida yake, ila kwa mara ya kwanza hoja ilimwishia, maana hakuna mkubwa aliyekanyaga Uriri tangu kura. Basi akaunda tume, akajiteua mwenyekiti, na tume inakaa mpaka leo chini ya mparachichi, wala haijapata shahidi hata mmoja. Kwa kuwa mwenye kusema aliona, lazima kwanza akiri kwamba alikuwa anatazama.

Je, katika wale wanne, ni nani aliyefumbua macho kabla ya Amina?